Uduvi katika mji wa shaba

Maji yalikuwa meupe kabisa, hayana hata chembe inayoelea. Uduvi walikuwa wamelala juu ya changarawe, wengine ubavu, wengine miguu juu. Jana yake mtu angeweza kuona utumbo ukipita ndani ya miili yao. Asubuhi ile miili ilikuwa imeziba na kuwa na rangi ya waridi, rangi ile ile wanayoipata wakitiwa chunguni. Katikati ya akwariamu, lile tangi la kioo la kufugia, mahali pa heshima, palikuwa na jiwe la malakiti kubwa kuliko ngumi, kijani chenye miviringo, limesuguliwa hadi linang'aa.

Rafiki yangu, mwenye nyumba, anaishi Kampemba, hapa mjini Lubumbashi, Kongo. Alinipigia simu kabla jua halijapanda, na nilipofika sikuwa na la kumwambia. Nilichuchumaa mbele ya kioo. Binti yake, sare ya shule mwilini tayari, akaja kuchuchumaa kando yangu.

"Papa, hii maji njo tunakunywaka na siye?"

Baba yake ndiye aliyejibu, tena haraka: uduvi ni wadogo, sisi ni wakubwa, nenda utachelewa. Mtoto akaondoka. Alipopita jikoni aligeuka akaliangalia bidoni la njano la maji ya kunywa lililowekwa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, halafu akatoka.

Jibu lile halikumtosha. Halikunitosha na mimi. Kwa wiki nyingi sasa nimekuwa nikilirudia barabarani, kazini, na zaidi usiku ninapokaa mbele ya akwariamu yangu mwenyewe, ambamo uduvi ni wazima na wanazaana.

Mikono isiyopumzika

Wanaofuatana nami hapa wanajua habari za amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza, na ile subira ya wiki nne hadi sita, mpaka bakteria wa kuimaliza wawe wengi, kabla ya kutia kiumbe chochote majini. Siyarudii. Niseme tu kwa nini uduvi, maana bila hilo huzuni ya asubuhi ile haieleweki.

Wangu ni wale wekundu, Neocaridina davidi, ambao asili yao ni China na Taiwan. Walinijia kutoka Afrika Kusini kwa njia ya barabara, wakapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hewa ya kutosha na kulazwa kwenye kisanduku cha barafu kisicho na barafu. Mkubwa wao hafiki urefu wa kiungo kimoja na nusu cha kidole.

Jioni moja chukua kiti, ukae karibu, umtazame mmoja tu. Jozi mbili za miguu ya mbele zina vikoleo, na ncha za vikoleo hivyo zina vishungi vya nywele laini sana. Uduvi hukifungua kikoleo juu ya jani, vishungi vikatandaa, akakifunga, akapeleka mdomoni. Kabla mkono huo haujafika, wa pili umeshaligusa jani, na wa tatu uko njiani. Anakula kama mtu mwenye njaa anavyomega bukari, tonge moja likiwa mdomoni na jingine limeshaviringishwa. Hapumziki. Ukizima taa ukarudi baada ya saa mbili na tochi, yupo pale pale, ila amehamia jani la pili.

Anachokula ni mwani laini na ule utando mwembamba unaoota juu ya kila kitu kilichokaa majini: bakteria, mwani mchanga, viumbe wasioonekana kwa macho. Vile vidoa vya kijani vigumu vilivyong'ang'ania kioo, hawaviwezi. Ule utelezi wa kijani-buluu wenye harufu mbaya hawaugusi, kwa sababu si mwani hasa bali ni bakteria.

Sifa yao duniani ilikuzwa na Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyefariki mwaka 2015. Katika miaka ya 1980 alianza kuwatumia uduvi wa jamii nyingine, Caridina multidentata, kulinda bustani zake za chini ya maji zisifunikwe na mwani. Hao ni wakubwa zaidi na wanakula mwani kwa bidii zaidi. Lakini watoto wao wakianguliwa wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, na sisi Lubumbashi bahari tunaisikia tu. Wekundu hawana shida hiyo. Jike hubeba mayai chini ya mkia kama mwezi mmoja, akiyapepea kwa viguu vyake, na watoto wanatoka wakiwa uduvi kamili, wadogo kuliko punje ya mchele.

Nina neno kwa wanaowatafuta kwa ajili ya usafi tu. Mwani unatoka kwenye mwanga mwingi na chakula kilichobaki. Akwariamu iliyowekwa dirishani kwa jua la mwezi wa kumi itakuwa kijani hata ukiijaza uduvi mpaka juu. Punguza mwanga, punguza chakula cha samaki, halafu uduvi watamalizia kilichobaki. Na ukisafisha kila kona, watakufa njaa. Mimi kioo cha nyuma sikigusi. Nimewaachia wao kama shamba.

Umeme ukikatika, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa mtu wa mji huu, nina pampu ndogo ya betri inayosukuma hewa kwenye sponji. Hiyo ndiyo gharama yangu kubwa, na ninailipa kwa moyo.

Damu yao

Kuna jambo nililojua tangu zamani, lakini halikuwahi kunigusa hadi siku ya lile jiwe.

Damu yetu inabeba oksijeni kwa kutumia chuma. Damu ya uduvi inaibeba kwa kutumia shaba. Kile kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa hemosianini, na kikishika oksijeni kinakuwa na rangi ya buluu. Kwa maneno mengine, hakuna uduvi anayeweza kuvuta pumzi bila shaba mwilini. Anaipata kidogo kidogo kwenye chakula, na kidogo hicho ndicho uhai wake.

Ila ikizidi majini, inamuua. Shaba iliyoyeyuka inaingia kwenye mashavu yake, yaani pale anapopumulia, na kuvuruga namna anavyoshikilia chumvi za mwili wake. Kiumbe wa maji baridi anaishi kwa kupigana usiku na mchana ili chumvi zisimtoke. Shaba inamnyang'anya silaha hiyo. Konokono wa majini nao wanaumia hivyo hivyo, ndiyo maana salfeti ya shaba imetumika kwa miaka mingi kuua konokono na mwani.

Sasa fikiria ninapofugia mimi.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuimwaga. Jimbo letu lote la Katanga liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Babu zetu walikuwa na misalaba ya shaba ya kulipia mahari karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Kuna maua madogo ya Katanga yanayoota kwa furaha kwenye udongo ambao mmea mwingine ungekauka, na wachimbaji waliyasoma maua hayo kujua madini yalipo. Kile kilima cheusi cha masalia ya tanuru, terili, na bomba la moshi lililo karibu nacho, vinaonekana kutoka nusu ya mji. Shule yangu ililipiwa na shaba. Sadaka ya kanisani inatoka kwenye shaba.

Na ninafuga mnyama ambaye chembe za shaba kwenye lita moja ya maji zinatosha kummaliza.

Washukiwa

Baada ya mtoto kwenda shule, mimi na rafiki yangu tulikaa chini kutafuta kilichotokea.

Nilianza na amonia, kama kila mtu. Nilipima: sifuri. Naitriti, sumu inayoifuata amonia: sifuri. Zaidi ya hapo, samaki wake wadogo walikuwa wazima, wanaogelea juu ya maiti na kuja mbele ya kioo kuomba chakula. Ingekuwa amonia au kukosa hewa, nao wangeonyesha dalili. Kitu kilichopita ndani ya maji yale kilikuwa kimechagua.

Vitu vinavyochagua hivyo ni vichache. Cha kwanza ni dawa ya kuulia wadudu. Uduvi na mende ni ndugu wa mbali, na dawa ya mbu iliyopuliziwa sebuleni inaweza kutua kwenye maji na kuwaangamiza. Nilimwuliza mama wa nyumba. Alisema kwake hawapulizi kitu, wanalala ndani ya chandarua, na nikamwamini, kwa sababu ingepulizwa dawa ningeinusa kwenye mapazia.

Cha pili ni shaba.

Tukaligeukia jiwe. Wauzaji wa malakiti mnawajua: ndovu wadogo, visahani, mayai, shanga, na mawe yaliyosuguliwa upande mmoja. Rafiki yangu alilipata kama zawadi na akaona hakuna pambo zuri la Katanga kuliko hilo. Ni kweli ni zuri. Lakini malakiti ni shaba iliyoungana na kaboneti, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba tupu.

Nilidhani kesi imekwisha. Akasimama, akafungua kabati, akarudi na chupa mbili za dawa. Akwariamu yake aliinunua kwa mtu, imeshatumika, pamoja na changarawe na vifaa vyote. Chupa zilikuja nazo.

Kwenye ya kwanza palikuwa na jina la rangi ya kijani ya malakiti, na rafiki yangu alishtuka sana. Nikamtuliza: dawa hiyo ni rangi ya kutengenezwa, inafanana na jiwe kwa macho tu, ndani yake hamna shaba. Kwenye ya pili, kwa Kifaransa, herufi ndogo: salfeti ya shaba. Tukampigia simu aliyemuuzia. Akasema, bila kuficha, kwamba samaki walipokuwa wakipata madoa meupe alikuwa akitia dawa hiyo, mara kwa mara.

Changarawe inaweza kuishika shaba na kuitoa polepole baadaye, hasa maji yakibadilika tabia.

Hapo nikawa na washukiwa wawili, na sikujua nimshike yupi. Wa tatu alijitokeza dakika chache kabla sijaondoka, kupitia kauli ambayo rafiki yangu aliisema kwa kupita tu. Maji ya akwariamu hayakuwa ya foraji ya jirani, yaani kisima kirefu chenye pampu ya umeme. Yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa chini ya bati. Alisikia kwamba uduvi wanapenda maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, na maji gani laini kuliko ya mvua?

Nilimwuliza na yale ya bidoni jikoni.

Foraji ikiwa na umeme, akasema, ni ya foraji. Usipokuwepo, tunachota pipani.

Mitungi kwenye kabati

Maji ya kisima kirefu hapa Lubumbashi yamepita kwenye miamba ya dolomiti, yamekusanya kalsiamu na magnesiamu, na ndiyo sababu birika zetu zinaota ule ukoko mweupe. Watu wanayalaumu. Kwa uduvi ukoko huo ni neema mara mbili. Kwanza, wanahitaji kalsiamu kujenga gamba jipya kila wanapojivua la zamani. Ganda tupu unaloliona limelala majini usilitoe, wenyewe watalila. Pili, kalsiamu na magnesiamu hushindana na shaba kwenye mashavu ya mnyama, kwa hiyo sumu yake inapungua makali. Na maji hayo hayana ukali wa asidi, kwa hiyo jiwe la kaboneti haliyeyuki kwa urahisi ndani yake.

Maji ya mvua ni kinyume cha hayo yote. Hayana kalsiamu, yana asidi kidogo kwa sababu ya hewa ya kaboni yaliyoichukua njiani, na yanakula jiwe kwa subira. Ndani ya akwariamu ile palikuwa na kipande cha mti pia, nacho kinaongeza asidi.

Maelezo yalikuwa mazuri, lakini maelezo mazuri si ushahidi. Nikapanga jaribio. Mitungi mitatu ya kioo: kipande cha malakiti ndani ya maji ya mvua, kipande cha malakiti ndani ya maji ya foraji, changarawe ya akwariamu ile ndani ya maji ya mvua. Niliifunika na kuiweka juu ya kabati.

Yule binti alikuja na baba yake kuitazama. Akahesabu kwa kidole, akasimama.

"Na maji ya mvua yake yenyewe, bila kitu?"

Nilimtazama baba yake. Mtoto huyu hajafika darasa la sita. Tukachukua mtungi wa nne.

Siku ya kupima alikuwepo, na ndiye aliyetia matone ya kipimo, yale yanayobadilika rangi yakikuta shaba. Mtungi wa kwanza, jiwe na mvua: rangi ilipanda wazi, hakuna ubishi. Wa tatu, changarawe na mvua: rangi hafifu, mimi niliiona, baba yake akasema haoni, binti akasema ipo. Wa pili, jiwe na foraji: hakuna kitu. Wa nne, mvua peke yake: hakuna kitu.

Rafiki yangu alifurahi. Jiwe limepatikana na hatia, maji ya kunywa yametoka safi, swali la mtoto limejibiwa.

Mimi nilikuwa nikisoma karatasi ya kipimo.

Rangi ya kwanza kabisa kwenye karatasi hiyo inaanzia miligramu 0.25 kwa lita, yaani mikrogramu 250. Kwa uduvi wengi wa maji baridi, madhara yanaweza kuanza kwenye makumi tu ya mikrogramu. Katikati ya hapo na pale kuna eneo zima ambalo kipimo changu hakioni na uduvi anakufa. Mtungi uliosema "hakuna" ulikuwa umesema tu kwamba hakuna cha kuonwa na matone yale.

Ndiyo sababu mimi jiwe la malakiti siliweki majini hata kwa maji yangu magumu ya foraji. Wako wanaoweka na samaki wao hawana tatizo, na siwaiti waongo. Samaki si uduvi.

Uduvi si hakimu

Turudi kwa aliyeuliza.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha shaba kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Ni mikrogramu 2,000. Maji yanaweza kuwa na shaba ya kuua kila uduvi ndani ya nyumba, na bado yakawa mbali sana chini ya kiwango kinachomdhuru mtu. Baba yake hakumdanganya. Mwili wetu unaihitaji shaba, ini linaipokea, kinachozidi linakitoa kupitia nyongo. Sisi hatupumui maji.

Kwa hiyo kifo cha uduvi wale si ushahidi dhidi ya bidoni.

Nilipofika hapo kwenye fikra zangu nililala vizuri usiku mmoja. Kesho yake jirani, aliposikia kisa chote, akanishauri jambo ambalo alilidhani ni la busara: basi weka uduvi kwenye pipa, wakiishi mnywe, wakifa mwageni.

Hapana.

Na nilipoanza kumweleza kwa nini hapana, ndipo nilipoona jambo lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo. Kipindupindu kinajulikana mjini humu. Wengi wetu tuna jina la mtu tuliyemzika. Kile kidudu chake, Vibrio cholerae, kinapenda kujishikiza kwenye kitini, yaani ile dutu inayojenga magamba ya viumbe wa jamii ya kamba na uduvi. Hakiwadhuru. Uduvi anaweza kuwa mzima, mwekundu, amebeba mayai, kwenye maji ambayo mtoto akinywa kikombe kimoja atalazwa.

Anakufa kwenye maji yasiyotudhuru, na anaishi kwenye maji yanayotuua. Uduvi hajui lolote kuhusu kikombe changu. Anajua kuhusu uduvi.

Na hata tukibaki kwenye madini, shaba siyo ya kuogopwa kwanza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga. Kobalti iliyokutwa ilikuwa miongoni mwa viwango vikubwa kabisa kuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, watu wasiofanya kazi mgodini. Tafiti za baadaye zilitazama njia inayopitia, na vumbi na chakula vikawa na uzito mkubwa. Vumbi ndilo linalotua kwenye bati. Bati ndilo linalomwaga pipani. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja inaosha miezi yote ya kiangazi kwa mkupuo mmoja.

Kwa hayo sina matone. Hakuna chupa dukani itakayoniambia kobalti ni ngapi, au risasi, au urani.

Hapa niseme waziwazi ninachoona. Mtu wa mji huu anaweza kujua bei ya tani ya shaba kwa siku ya leo kwa kubonyeza simu. Hawezi kujua kilichomo kwenye maji ya pipa lake. Mzani upo kwa kile kinachotoka. Kwa kile kinachobaki tunategemea macho, ulimi, na ndugu anayesema mbona sisi tumekunywa miaka yote. Maji meupe tunayaita mazuri. Yale ya asubuhi ile Kampemba yalikuwa meupe kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Nimejiuliza kama nina haki ya kuchukua uchungu wa wanyama wadogo wa kufugwa na kuuvutia kwenye jambo kubwa kama maji ya watoto. Kwa muda nilidhani sina. Kisha nikakumbuka kwamba swali hilo kubwa halikuletwa na mimi. Lililetwa na mtoto, na alilileta kwa sababu aliona kifo ambacho macho yake hayakuweza kukieleza. Hakuna aliyemfundisha kuunganisha kioo na bidoni. Watu wazima wawili tuliokuwa pale tulikuwa tukifikiria jiwe.

Akwariamu mpya

Rafiki yangu hakukata tamaa, na nashukuru. Changarawe ya zamani tumeitoa yote. Alitaka kuimwaga kwenye mtaro wa mbele ya nyumba. Nilimwomba asifanye hivyo, kwa sababu mtaro ule unaishia mtoni, na mto wetu umebeba vya kutosha. Iko ndani ya gunia.

Jiwe liko juu ya rafu ya vitabu, pakavu, na bado ni zuri.

Maji ni ya foraji, yamekaa kwanza. Nilimpa nusu ya sponji yangu iliyokomaa ili bakteria waanze kazi, na tulitia konokono kabla ya kitu kingine. Wakitembea na kula, ni dalili njema kuhusu shaba. Wakijifungia ndani ya gamba na kuanguka kutoka kioo, tunasimama. Walitembea. Baada ya mwani wa kwanza kuonekana kwenye kioo, nilipeleka uduvi wachache, nikawadondoshea maji mapya tone kwa tone kwa kutumia mpira mwembamba uliofungwa fundo, kazi ya saa kadhaa, kwa sababu mabadiliko ya ghafla huwafanya wajivue gamba kabla ya wakati na kufia katikati.

Jike mmoja ana mayai sasa. Nimewaambia mapema: watoto wakiwa wengi, wagawieni watu wenye akwariamu, msiwapeleke mtoni hata mmoja. Wazambia wanajua gharama ya jambo hilo. Kamba wa Australia walioingizwa kwa ufugaji walitoroka, wakaenea kwenye mto Kafue na ziwa Kariba, na hakuna anayeweza kuwarudisha.

Kwa binti nilirudi mwenyewe, siku ya Jumapili, nikamwomba baba yake ruhusa ya kumjibu upya. Nilimwambia: maji yaliyowaua uduvi hayakuwa na shaba ya kukuua wewe. Ila sijui mengine yaliyomo kwenye pipa, na baba yako pia hajui. Kwa sasa maji ya pipa ni ya kufulia na kuoshea vyombo, mvua ya kwanza imwagwe, na ya kunywa yachemshwe kila siku, hata ya foraji. Kuchemsha kunaua vidudu. Madini hakuyatoi.

"Sasa nani anajuaka?"

Kuna maabara mjini inayoweza kupima madini kwa kiwango ambacho matone yangu hayafiki. Bei waliyotutajia si ndogo. Baba yake na mimi tumekubaliana kuchangia, na jirani wa foraji amesema ataongeza chake. Chupa tatu ziko tayari: ya pipa, ya foraji, na ya bomba la barabara ya pili, ambalo siku hizi linatoa maji usiku. Binti ameziandikia lebo kwa mkono wake, mahali na saa. Tunazipeleka wiki ijayo, na namba zitakazorudi nitaziweka hapa zote, na zile zisizotupendeza pia.